Miaka Niliyoogopa Kusema Bado Naumwa

Mwaka 2012 niliambiwa kwamba nina kisukari, na kwa muda wa miaka minne hakuna mtu yeyote wa usharika wetu aliyejua. Nilikuwa mzee wa kanisa, mwalimu wa shule ya Jumapili, na kiongozi wa jumuiya ya mtaa wetu, ambayo hukutana kila Jumamosi alfajiri kwa zamu katika nyumba za washarika. Vidonge vyangu nilivihifadhi ndani ya kopo la majani ya chai juu ya kabati, na zamu ya jumuiya ilipofika nyumbani kwangu nililihamishia kopo hilo chumbani, asije mama mmoja akalifungua kwa nia njema ya kunisaidia kuchemsha chai. Kisukari si ugonjwa wa kunong'onezwa; kina mama wengi wa rika langu wanao na huuzungumza waziwazi hata sokoni. Mimi nilificha kwa sababu nyingine. Nilikuwa nimesimama mara nyingi mbele ya watu kueleza jinsi Mungu anavyoponya, na niliona kwamba mwenye ushuhuda wa namna ile hapaswi kuonekana kwenye benchi la kliniki, kadi mkononi, akisubiri kuitwa jina.

Sasa mimi ni mwalimu mstaafu, na katika miaka yangu ya utumishi nimekutana na dhana potofu nyingi kuhusu maisha ya Mkristo, nikianza na zangu mwenyewe. Nikizichunguza, naona kwamba nyingi zimechipuka katika shina moja: tunadhani kuamini ni kuwa na nguvu, na kwamba nguvu hiyo sharti ionekane kwa macho, ama katika afya, ama katika ndoa isiyosikika kelele, ama katika mfuko.

Wala sina kisingizio cha kutofundishwa. Nilipata kipaimara mwaka 1973, nikiwa na umri wa miaka 15, katika mkoa ambao siku hizo uliitwa Ziwa Magharibi na leo ni Kagera. Kwa miaka miwili tulikariri Katekisimu Ndogo ya Martin Luther, aliyoiandika mwaka 1529 baada ya kuzitembelea sharika na kukuta watu wanaoitwa Wakristo lakini hawajui hata sala ya Baba Yetu. Mwinjilisti aliyetufundisha hakuvumilia kosa la neno moja. Tulipofika kwenye maelezo ya sehemu ya tatu ya Imani ya Mitume, tulitakiwa kukiri kwamba mtu hawezi kwa akili yake wala kwa nguvu zake mwenyewe kumwamini Yesu Kristo, bali Roho Mtakatifu ndiye anayemwita. Niliyasema maneno hayo bila kukwama, mama yangu akafurahi, nikavishwa gauni jeupe. Kisha nikaishi zaidi ya miaka 40 kana kwamba katekisimu ile ilikuwa imeandikwa kinyume chake.

Mwaka 2016 kikundi kimoja cha maombi nilichokuwa nikihudhuria nje ya usharika wetu kilitangaza mfungo wa siku 21. Kiongozi wa maombi hayo hakumlazimisha mtu kitu. Alisema tu, tena kwa sauti ya upole, kwamba dawa ni za wale ambao imani yao bado haijafika. Neno hilo lilinichoma kuliko amri. Usiku ule nililitoa kopo la majani ya chai, nikavitazama vidonge, nikaamua kuviacha pamoja na chakula cha mchana, niviweke vyote viwili madhabahuni. Sikumwambia daktari wala watoto wangu. Jioni nilifungua kwa uji wenye sukari na chai yenye sukari, kama kila mtu, kwa sababu kukataa sukari kungeleta maswali.

Wiki ya kwanza nilishikwa na kiu isiyoisha na nikawa naamka mara nne au tano kwa usiku mmoja kwenda msalani. Macho yalianza kuona ukungu. Kila dalili niliiita vita vya kiroho, na kadiri hali ilivyozidi kuwa mbaya ndivyo nilivyozidi kuamini kwamba ushindi umekaribia. Hapa ndipo ubaya wa dhana hii ulipo: haina mlango wa kutokea. Ukipata nafuu, imani yako imefanya kazi. Ukizidiwa, shetani ameshtuka, basi ongeza maombi. Siku ya 16 nilirudi nyumbani jioni, nikavua viatu, nikakuta soksi ya mguu wa kushoto imelowa damu. Msumari ulikuwa umetoboa soli na kuingia kwenye unyayo, nami nilikuwa nimetembea nao tangu asubuhi bila kuhisi chochote, kwa maana miguu ilikwisha kufa ganzi zamani na ganzi hiyo pia nilikuwa nimeificha.

Kidonda kilioza kwa siku chache. Nilifikishwa hospitali sukari ikiwa imepanda hadi 27, nikalazwa kwa wiki tatu, na vidole viwili vya mguu vikakatwa. Muuguzi aliyekuwa akinifunga kidonda, binti mwenye ushungi ambaye umri wake ulilingana na wa kitinda mimba wangu, aliniuliza niliacha dawa lini. Nikamjibu kwamba nilikuwa nimefunga. Alinyamaza kidogo huku akizungusha bandeji, kisha akasema, "Mama, hata kwetu sisi, mwezi wa Ramadhani, mgonjwa anaruhusiwa kula." Hakusema kwa kebehi. Alikuwa ananipa habari ambayo alidhani mwanamke wa umri wangu na wa dini yoyote angekuwa anaifahamu.

Pale kitandani nilikuwa na muda wa kusoma, na nilianza kusoma zile aya ambazo huwa tunazipita kama tunavyopita salamu za mwisho wa barua. Paulo, ambaye vitabu vinasema wagonjwa waliponywa kwa mikono yake, anamwandikia Timotheo atumie mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo lake na magonjwa yanayompata mara kwa mara. Hamwambii aongeze imani, wala hamwulizi ametenda dhambi gani. Katika barua ya pili anaeleza kwamba Trofimo alimwacha Mileto akiwa mgonjwa, na habari inaishia hapo. Hatuambiwi kama alipona. Kwa Wakolosai anapeleka salamu za Luka, naye anamwita tabibu mpendwa. Mambo haya nilikuwa nimeyasoma mara nyingi kiasi kwamba nisingeweza kuhesabu, lakini hayakuwahi kuingia katika mahubiri yoyote niliyoyapenda.

Tena, nilikuwa nimesahau nilikozaliwa. Mimi ni mtoto wa Hospitali ya Ndolage, kule Kamachumu, ambayo ni ya kanisa letu la Kilutheri. Hospitali ya KCMC ya Moshi, iliyofunguliwa mwaka 1971, ilitokana na juhudi za makanisa, na Bugando ya Mwanza, iliyofunguliwa mwaka huohuo, ni ya Wakatoliki. Waliotuletea Injili walijenga kanisa, wakajenga shule, wakajenga zahanati katika kiwanja kimoja, na sijasikia mzee yeyote wa zamani akisema kwamba zahanati ile iliidharau madhabahu iliyokuwa jirani yake.

Nikiwa bado nimelazwa nilimkumbuka sana bibi yangu mzaa mama. Bibi alikuwa mtu wa Uamsho, ile harakati ya Wakristo ya kutubu na kuokoka iliyoanzia Rwanda na Uganda na kuingia kwetu Buhaya mwishoni mwa miaka ya 1930. Neno "walokole" tunalolitumia leo, mara nyingi kwa dhihaka, lilitoka hukohuko, katika Kiganda, na maana yake ni waliookoka tu. Askofu Josiah Kibira, aliyechaguliwa hapa Dar es Salaam mwaka 1977 kuwa Mwafrika wa kwanza kuwa rais wa Shirikisho la Kilutheri Duniani, alikuwa mtoto wa Uamsho huo. Lakini ninachokikumbuka mimi ni sebule ya bibi tu, nyasi zimetandikwa sakafuni, watu wanane au kumi wameketi, na mimi pembeni nikisinzia.

Walichokuwa wakifanya pale walikiita kutembea nuruni, kwa kufuata waraka wa kwanza wa Yohana. Kila mmoja alieleza lililompata tangu walipokutana mara ya mwisho. Mmoja alikata mkungu wa ndizi uliokuwa upande wa jirani. Mwingine alimtukana wifi yake na hajamwomba radhi. Siku moja bibi mwenyewe alisema, babu akiwa ameketi palepale, kwamba aliuza debe la kahawa kwa siri na fedha amezificha ndani ya mto wa kulalia. Babu alikohoa. Wenzake hawakushangaa wala hawakumfariji haraka. Waliimba ubeti mmoja, mwingine akaanza kueleza ya kwake. Mimi nimefundisha Kiswahili kwa zaidi ya miaka 30, kwa hiyo nitasamehewa nikisema jambo hili kisarufi: ushuhuda wao ulikuwa katika wakati uliopo. Leo nina wivu. Leo sijamsamehe. Ushuhuda ninaousikia siku hizi, na niliokuwa nikiutoa mimi, sharti uwe katika wakati uliopita: nilikuwa mgonjwa, sasa ni mzima, nilikuwa mpangaji, sasa nina nyumba. Ambaye habari yake haijafika mwisho hapewi kipaza sauti.

Sisemi kwamba enzi za bibi zilikuwa za dhahabu. Watu wale walikuwa na malango yao ya kuwazuia wengine pia. Aliyevaa hereni alitazamwa kwa jicho la pembeni, na bibi alikataa kwenda kwenye harusi ya mtoto wa kaka yake kwa sababu palikuwa na rubisi, pombe yetu ya ndizi; kaka yake alikufa akiwa bado analitaja jambo hilo. Walijua kukiri dhambi zao wenyewe kwa unyofu ambao sijauona tena, na wakati huohuo walijua kumpima mtu kwa masikio yake. Mambo hayo mawili yalikaa ndani ya mwanamke mmoja niliyempenda.

Kuna jambo ambalo ni zito kwangu kuliko vidole vyangu. Mwaka 2009 alinijia binti mmoja wa kwaya, ameolewa miaka mitatu, amejifunika kitenge kichwani wakati wa joto la Januari. Alipokiondoa nikaona jicho limevimba. Alikuja kwangu kwa sababu nilikuwa mzee wa kanisa na mwanamke, akidhani nitaelewa. Nilimkalisha, nikampa maji, nikamwambia, "Mwanangu, vumilia. Ndoa ni shule. Mwombee mumeo, na umsamehe, kwa maana Mungu anachukia kuachana." Nikaomba naye karibu nusu saa, na nakiri kwamba nilipomaliza niliridhika na jinsi nilivyoomba. Alijifunika kitenge chake akarudi kwake.

Baada ya miezi minane alivunjwa mkono. Safari hiyo hakuja kwangu. Alikwenda kwa shangazi yake, na shangazi akampeleka hospitali na kisha polisi. Hivi sasa anaishi na watoto wake, ana cherehani mbili, na bado anaimba sauti ya pili. Miaka ilipita ndipo nilipopata ujasiri wa kumwomba radhi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanijibu, "Mama, siku ile nilirudi nyumbani nikijua kwamba hata Mungu yuko upande wake."

Aya niliyomsomea ilikuwa Malaki 2:16, na niliikata katikati. Nusu yake ya pili inamtaja yule anayeifunika nguo yake kwa udhalimu, na inasema kwamba huyo naye Mungu anamchukia. Nilikuwa na Biblia mkononi, aya nzima ilikuwa mbele ya macho yangu, nami nikampa mtu aliyepigwa kipande kinachomfaa aliyempiga. Aibu nyingine niliipata baadaye, nilipojua kwamba Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, katika kifungu cha 66, inasema wazi kwamba hakuna mtu mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kumpiga. Serikali ilikuwa imelijua jambo hilo tangu kabla sijapata kipaimara.

Tangu wakati huo nimeitafakari sana habari ya Yusufu na ndugu zake, kwa kuwa ndiyo tunayoitumia kufundisha msamaha. Tunaruka hadi kwenye machozi na kukumbatiana. Lakini katika Mwanzo, ndugu wale walipofika Misri mara ya kwanza, Yusufu hakujitambulisha. Alisema nao kwa ukali, akamfunga Simeoni, akadai Benyamini aletwe, kisha akawaweka mahali ambapo wangeweza kumwacha mdogo wao utumwani kama walivyomwacha yeye, ili aone watafanya nini. Ni pale Yuda alipojitoa kubaki badala ya Benyamini ndipo Yusufu alipolia kwa sauti. Aliwapa chakula tangu safari ya kwanza na fedha zao akawarudishia; hakuwaacha wafe njaa. Ila hakurudi mikononi mwao kabla hajajua mikono hiyo imekuwaje. Siku hizi nikiletewa mke aliyepigwa, swali langu la kwanza ni kama usiku huu ana mahali salama pa kulala, na la pili ni kama anataka nimsindikize kwenye Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Maombi tunafanya njiani.

Kuhusu sadaka nitapita upesi, kwa sababu jambo hilo limesemwa sana. Nami nilipanda mbegu. Mwaka mmoja nilitoa ada ya kidato cha tano ya mtoto wangu nikingoja mavuno ya mara mia, na kilichofuata ni mtoto kurudishwa nyumbani na sanduku lake. Tunaposoma habari za zaka katika Malaki, ni vizuri tukafungua pia Kumbukumbu la Torati 14, tuone kwamba kila mwaka wa tatu zaka ile iliwekwa malangoni ili Mlawi, mgeni, yatima na mjane wale na kushiba. Mjane alikuwa mlaji wa zaka. Sisi tumemfanya mjane kuwa mlipaji, na tukamwahidi gari.

Ukutani sebuleni kwangu palikuwa na Yeremia 29:11 ndani ya fremu, ile aya ya mawazo ya amani na tumaini la siku za mwisho, na sijaishusha. Nimeongeza tu karatasi ndogo chini yake yenye aya ya kumi, inayotaja miaka 70. Barua ile waliandikiwa watu waliohamishwa hadi Babeli, wakaambiwa wajenge nyumba, wapande bustani na wawaoze watoto wao, kwa maana hawarudi karibuni. Wengi wa waliosikia ikisomwa mara ya kwanza walizikwa ugenini. Wajukuu wangu wanasema karatasi ile imeharibu fremu. Wanasema pia kwamba ninapofunga sukari wakati wa Kwaresima si mfungo bali ni agizo la daktari, na katika hilo wana haki.

Nilitoka hospitali mwishoni mwa mwaka 2016, na Jumamosi ya tatu baada ya hapo zamu ya jumuiya ikaangukia nyumbani kwangu. Sikulihamisha kopo. Ulipofika wakati wa shuhuda nilisimama kwa kushikilia kiti, nikawaambia kwamba nina kisukari tangu mwaka 2012, kwamba niliwadanganya kwa miaka minne, kwamba niliacha dawa nikaiita hiyo imani, na kwamba bado naumwa na nitaendelea kumeza vidonge hadi nife. Nikasema sina mwisho mwema wa kuwasimulia. Mama mmoja alianza pambio, akaona hakuna anayemwitikia, akanyamaza. Tulikaa kimya muda mrefu kidogo, majirani wakisikika wakifagia. Kisha tukasali Baba Yetu, tukanywa chai, watu wakaaga.

Mzee mmoja alibaki. Alikuwa amenitangulia katika baraza la wazee kwa miaka 12, na ndiye aliyenifundisha namna ya kuhesabu sadaka. Aliniuliza, huku akiangalia mlangoni, "Mwalimu, hiyo kliniki yenu ni siku gani?"

Nikamjibu, "Jumanne, Baba. Uje kabla ya saa moja, usile kitu, kwa kuwa wanapima kwanza. Chai yako ibebe kwenye chupa, utakunywa ukishapimwa."

Akaingiza mkono katika mfuko wa ndani wa koti, akatoa kadi iliyokunjwa mara nne na kuchakaa kwenye mikunjo, akaniuliza kama wataipokea ijapokuwa ni ya zamani. Niliifungua. Ilikuwa ya mwaka 2003.